Manjushree Thapa na vita vya Nepal: kupinga bunduki za pande mbili ukiwa mbali na nyumbani

Mwanzoni mwa 2005 kilitoka kitabu kinaitwa Forget Kathmandu, mwandishi wake ni dada wa Kinepali anaitwa Manjushree Thapa, na pale chini ya jina la kitabu kaandika kabisa kwamba haya ni maombolezo ya demokrasia. Wiki chache tu baadaye, tarehe 1 Februari, mfalme Gyanendra akatokea kwenye televisheni, akafukuza serikali nzima, akajitwalia madaraka mwenyewe, na punde si punde simu zikakatika, intaneti ikazimwa, wanajeshi wakaingia kwenye vyumba vya habari na redio zote za FM zikapigwa marufuku kutangaza habari, ziruhusiwe muziki tu. Yaani alichokuwa anakililia kitabuni kikafa kweli na wino haujakauka. Thapa akatoka nchini aweze kuandika dhidi ya yale mapinduzi, na mpaka leo makazi yake ni Toronto, Kanada.

Mtu akisikia "mwandishi wa diaspora anayepinga vita" kichwani inakuja picha moja tu, mtu kashika bango barabarani London au New York anapinga serikali yao wasipeleke jeshi sehemu. Kwa Nepal haiko hivyo hata kidogo. Pale vita ilikuwa ya ndani, pande zilikuwa tatu na siyo mbili, na kila upande ulikuwa na hoja ambayo ukiisikiliza peke yake unaona kama inaingia akilini. Ndo maana watu wengi wakisoma maandishi yake wanashindwa kumweka, huyu anapinga waasi halafu hapohapo anapinga jeshi linalopigana na waasi, sasa anataka nini? Ngoja tulipange taratibu.

Nepal ilitawaliwa miaka 30 hivi na mfumo wa Panchayat, vyama marufuku, mfalme ndo kila kitu. Mwaka 1990 wananchi wakaingia barabarani, mfalme Birendra akakubali vyama vingi, katiba mpya ikaandikwa mwaka huohuo. Furaha ilikuwa kubwa, lakini serikali zikawa zinabadilika karibu kila mwaka, wabunge wananunuliwa, na kule milimani magharibi, Rolpa na Rukum, hakuna barabara, hakuna zahanati, mtu wa tabaka la chini bado anakatazwa kuchota maji kisima kimoja na wakubwa. Mwishoni mwa 1995 polisi wakafanya msako mkubwa Rolpa, wakakamata na kupiga watu wa mrengo wa kushoto hovyo. Mwanzoni mwa Februari 1996 kina Baburam Bhattarai wakapeleka madai 40 kwa waziri mkuu, kabla hata muda waliompa haujaisha, tarehe 13, wakavamia vituo vya polisi. Hao ndo Wamao, waasi wa kikomunisti wanaofuata fikra za Mao wa China, mkuu wao Pushpa Kamal Dahal, maarufu kwa jina la Prachanda. Vita ikaanza hivyo, na miaka mitano ya mwanzo Kathmandu waliichukulia kama habari ya polisi na wahuni wa vijijini huko.

Halafu ikaja ile Juni 1, 2001. Mrithi wa ufalme, Dipendra, kwa mujibu wa uchunguzi rasmi, akaingia kwenye chakula cha jioni cha familia na silaha akamuua baba yake Birendra, mama yake na ndugu wengine, kisha akajipiga mwenyewe, akatangazwa mfalme akiwa hana fahamu na siku chache baadaye naye akafa. Aliyebaki ni baba yake mdogo, Gyanendra. Mpaka leo Wanepali wengi hawaamini ripoti ile, na Thapa anaanza kitabu chake hapohapo, kwenye ule mkanganyiko, mji mzima unasikia tetesi na hakuna mtu wa kusema ukweli. Mimi naona ni mwanzo mzuri sana kwa sababu hauhitaji kujua lolote kuhusu Nepal kuelewa ile hali, nchi inaamka asubuhi haina hakika nani kamuua nani na redio ya taifa inapiga muziki wa msiba.

Novemba 2001 Wamao wakashambulia kambi ya jeshi huko Dang, serikali ikatangaza hali ya hatari, na hapo jeshi, ambalo kwa miaka yote lilikuwa limekaa pembeni, likaingia. Vifo vikapanda kwa kasi ya kutisha. Hesabu inayotajwa sana kwa vita nzima ni watu 13,000 na kitu, serikali yenyewe baadaye ikafika mpaka 17,000, na waliouawa na jeshi na polisi ni wengi kuliko waliouawa na waasi. Kwenye miaka ya 2003 na 2004 Nepal ndo ilikuwa inaongoza duniani kwa kesi mpya za watu kupotezwa zinazofikishwa Umoja wa Mataifa. Hapa msomaji wa Tanzania au Kenya sina haja ya kukueleza sana, gari linakuja, wanashuka watu wasiojulikana, mtu anachukuliwa, familia inazunguka kituo hadi kituo inaambiwa hayupo.

Mfano mmoja. Kule Maharajgunj, ndani ya Kathmandu kabisa, siyo porini, kuna kambi ya jeshi inaitwa Bhairabnath. Mwaka 2003 watu kadhaa walifungiwa mle macho yakiwa yamefungwa vitambaa, wakateswa, na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilipotoa ripoti Mei 2006 ilitaja watu 49 walioshikiliwa pale ambao hawajulikani walipo. Mji ulikuwa unaendelea na shughuli zake nje ya ukuta ule.

Na upande wa pili nao usije ukawaonea huruma haraka. Januari 2002, wilaya ya Lamjung, Wamao walimtoa mwalimu mkuu darasani mbele ya wanafunzi, wakamfunga kwenye mti na kumuua. Picha yake akiwa ameegemea ule mti ikawa ndo picha ya vita yote. Juni 2005 wakalipua basi la abiria huko Madi, wilaya ya Chitwan, lengo lao lilikuwa wanajeshi waliopanda mle, wakafa raia zaidi ya 30, wanawake, watoto, watu waliokuwa wanakwenda zao mjini. Prachanda akaomba radhi, akasema ni makosa. Ni kawaida yao wenye bunduki.

Sasa rudi kwa Thapa. Pande tatu nilizosema ni hizi: mfalme na jeshi lake, Wamao, na katikati vyama vya siasa na raia waliotaka tu ile demokrasia ya 1990 ifanye kazi. Yeye yuko hapo katikati, lakini siyo katikati ile ya "nyie wote mna makosa, pataneni". Hoja yake, ukiichuja kutoka Forget Kathmandu na zile makala za maoni zilizokuja kukusanywa 2011 kwenye The Lives We Have Lost, ni kwamba vita ilikuwepo kwa sababu watu wa kawaida walinyang'anywa siasa, na usipoirudisha siasa kwao hutamaliza vita hata ukiua kila muasi. Mfalme alikuwa anawaambia wazungu kwamba demokrasia ndo imeleta fujo, mpeni yeye nguvu atawamaliza magaidi. Wamao walikuwa wanawaambia vijana kwamba demokrasia ni mchezo wa matajiri, chukua bunduki. Ukitazama vizuri ni wimbo mmoja tu wanaimba, sauti mbili, wote wanakubaliana kwamba bunge halina kazi. Thapa alikuwa anajaribu kuuvunja huo wimbo.

Na hapa ndo suala la kuwa nje ya nchi linapokuwa na maana, siyo mapambo. Jiulize zile silaha zilitoka wapi. Bunduki za jeshi zilitoka India, nyingine zikaja Marekani baada ya Septemba 11, na Januari 2002 waziri wa mambo ya nje wa Marekani Colin Powell akafika Kathmandu mwenyewe. Ubelgiji nao wakakubali kuuza bunduki za rashasha 5,500 aina ya Minimi, na ikazuka kashfa kubwa kwao kwa sababu sheria yao inakataza kuuza silaha kwa nchi iliyoko vitani, serikali yao ikajitetea kwamba inaisaidia demokrasia changa, na Agosti 2002 waziri mmoja, Magda Aelvoet wa chama cha Kijani, akajiuzulu. Fikiria, waziri wa afya huko Brussels anaacha kazi kwa sababu ya vita ambayo mtu wa Rolpa hajui hata kama Ubelgiji wanajua ipo. Lile neno "demokrasia changa" ndo lilikuwa leseni ya kila kitu. Kwa hiyo mwandishi anayeweza kuandika Kiingereza kizuri kwenye magazeti ya Delhi na ya Magharibi, akaeleza kwa utulivu kwamba hiyo demokrasia mnayoisaidia mfalme kaiua, huyo anagusa mshipa wenyewe. Muasi wa Kalikot, kule milima ya magharibi, hataacha bunduki kwa sababu amesoma insha. Lakini afisa wa wizara fulani anayesaini kibali cha kuuza silaha, huyo insha inaweza kumsumbua, au ikamsumbua mbunge anayemuuliza maswali.

Sidai kwamba Thapa peke yake ndo alifanya hayo, hapana. Walikuwepo wanasheria, waandishi wa habari, mashirika ya haki za binadamu, wanafunzi Wanepali walioko vyuoni nje, ndugu wa waliopotezwa. Lakini angalia mfululizo wa matukio. Baada ya mapinduzi ya Februari, India na Uingereza wakasimamisha msaada wa silaha. Aprili 2005 mfalme akabanwa Geneva mpaka akakubali Umoja wa Mataifa ufungue ofisi ya kufuatilia haki za binadamu, mkuu wake akawa Ian Martin, na hao ndo waliokuja kutoa ile ripoti ya Bhairabnath. Novemba 2005 vyama saba na Wamao wakakutana Delhi wakatoa makubaliano ya hoja 12, Wamao wakakubali siasa za ushindani, vyama vikakubali bunge la katiba. Aprili 2006 watu wakaingia barabarani siku 19 mfululizo, mfalme akasalimu amri. Novemba 21, 2006 mkataba wa amani ukasainiwa, na Mei 2008 ufalme wenyewe ukafutwa, miaka karibu 240 ya ukoo wa Shah ikaishia pale.

Waliobaki ndani nao wasisahaulike maana wengine tunapenda kuwapamba wa nje tu. Wahariri wa Kathmandu walipokatazwa kuandika siasa baada ya mapinduzi, gazeti la The Kathmandu Post liliandika tahariri kuhusu soksi. Soksi kweli, zinavyonuka na adabu ya kuzivaa, na kila msomaji akaelewa nani anaambiwa ananuka. Redio nazo zilipoambiwa muziki tu, kuna walioanza kuimba habari. Hii ndo ninayoiita akili ya watu, na ukiwa Toronto huwezi kuifanya.

Kuna jambo lingine linalofanya diaspora ya Nepal iwe ngumu kwa mtu wa kupinga vita, nalo ni kwamba hiyo diaspora yenyewe imejengwa na jeshi. Tangu 1815 Waingereza wanachukua vijana wa milimani kuwa askari wa Gurkha, India nayo ikarithi vikosi vingine baada ya uhuru, na kwenye vita kuu mbili za dunia waliopigana ni zaidi ya 200,000. Wengine walifika mpaka Tanga, Novemba 1914, wakiwa ndani ya vikosi vya Kashmir, pale Waingereza walipochapwa na kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck. Mwaka 2009 Gurkha wastaafu walishinda haki ya kuhamia Uingereza baada ya kampeni kubwa, ndo maana leo mji kama Aldershot umejaa Wanepali. Sasa mwambie mzee wa Aldershot, nyumba yake imejengwa na pensheni ya jeshi, kijana wake anasoma kwa pensheni ya jeshi, kwamba vita ni upuuzi. Atakusikiliza kwa heshima halafu atakuuliza wewe ulisomeshwa na nini.

Swali hilo kwa Thapa lina jibu na siyo jibu la kumpendeza mtu. Baba yake alikuwa waziri wa fedha na baadaye balozi, yeye kakulia kati ya Nepal, Kanada na Marekani, kasomea upigaji picha Rhode Island, akarudi nyumbani, kitabu chake cha kwanza mwaka 1992 kinahusu Mustang kule kaskazini mpakani na Tibet. Wakosoaji wanasema huyu ni mtoto wa wakubwa, anaandika Kiingereza, anasomwa Delhi na London kuliko wilaya ya Jumla kule milimani. Ni kweli na hajalificha, jina la kitabu chenyewe linakuambia usahau Kathmandu, na Kathmandu ni yeye na watu wake. Sehemu ya mwisho ya kitabu anatembea kwa miguu kwenye milima ya magharibi wakati mapigano yamesitishwa 2003, anaingia maeneo yanayoshikiliwa na Wamao, na hapo maandishi yanabadilika kabisa, ule ukali wa mchambuzi unapungua, anasikiliza. Wasichana waliobeba bunduki wanaongea naye. Waulize kwa nini walijiunga na wengine hawana nadharia yoyote, mbadala ulikuwa kuolewa mapema na kukata majani ya ng'ombe maisha yote.

Hili la wasichana nilishike kidogo kwa sababu ndo linaharibu hesabu rahisi ya "vita mbaya, amani nzuri". Umoja wa Mataifa ulipohakiki wapiganaji wa Wamao kambini baada ya mkataba walipatikana 19,602, na kati yao wanawake walikuwa 3,846, yaani mmoja katika kila watano hivi. Wengi hakuna taasisi nyingine Nepal iliyokuwa imewahi kuwapa cheo chochote. Mpinga vita akija na kuwaambia rudini nyumbani lazima aseme nyumbani kuna nini. Kwenye riwaya yake ya 2010, Seasons of Flight, Thapa analigawa jibu kwa dada wawili wa kijijini, mdogo anakwenda porini na Wamao, mkubwa, Prema, anashinda bahati nasibu ya green card na kuishia Los Angeles. Mmoja bunduki, mmoja viza. Kwa vijana wengi wa miaka ile milango ilikuwa hiyo miwili, na mlango wa tatu ulikuwa Ghuba, ambao anaufikia kwenye All of Us in Our Own Lives ya 2016, mle kuna jamaa mpishi yuko Emirates.

Ghuba na vita havikuwa mambo mawili tofauti pia. Agosti 2004 Wanepali 12 walioondoka nyumbani kutafuta kazi za hoteli na jikoni Jordan walijikuta wanapelekwa Iraki, wakatekwa na kuuawa, video ikasambazwa. Tarehe 1 Septemba Kathmandu ikawaka moto, watu wakachoma ofisi za mawakala wa ajira na wakavamia msikiti, wakawaadhibu Waislamu wa Nepal ambao hawana hatia yoyote. Nchi iliyokuwa na vita yake ikaingizwa kwenye vita ya watu wengine kupitia mkataba wa kazi. Na haijaisha: Desemba 2023 serikali ya Nepal ilitangaza kwamba raia wake sita wamekufa wakipigana upande wa Urusi huko Ukraine, Januari 2024 ikasimamisha vibali vya kwenda kufanya kazi nchi zote mbili. Mkenya anayesoma hapa anajua habari za vijana wa kwao walioahidiwa kazi Urusi wakajikuta mstari wa mbele, wala sihitaji kumalizia.

Kuna uzi mwingine unaotufikia huku kwetu moja kwa moja. Jeshi la Nepal ni miongoni mwa majeshi yanayopeleka walinda amani wengi zaidi Umoja wa Mataifa. Walikuwepo Burundi, wako Kongo miaka mingi, Mei 2006 wanajeshi wao saba walitekwa Ituri na wanamgambo na mwingine mmoja aliuawa. Sasa linganisha tarehe, miezi ileile ambayo ripoti ya Bhairabnath inatoka Kathmandu, jeshi hilohilo limevaa kofia za bluu Bunia linalinda raia. Kwa wanaharakati hii ilikuwa fimbo, kwa sababu kazi za Umoja wa Mataifa ndo pesa na heshima ya afisa wa Nepal, ukitishia hiyo anakusikia. Mwaka 2009 meja mmoja aliyekuwa anatuhumiwa kwenye kesi ya binti wa miaka 15 aliyeteswa hadi kufa kambini mwaka 2004 alirudishwa nyumbani kutoka Chad, jeshi likagoma kumkabidhi polisi. Mwaka 2013 kanali mmoja aliyekuwa kwenye kikosi cha Sudan Kusini alikamatwa Uingereza akiwa likizo kwa familia yake, akashtakiwa London kwa mateso yaliyodaiwa kufanyika 2005, na 2016 akaachiwa, shitaka moja hana hatia, jingine baraza la mahakama lilishindwa kukubaliana. Kwa hiyo fimbo ipo ila haijavunja mfupa wa mtu.

Baada ya amani wengi walidhani kazi ya mwandishi kama huyu imekwisha, Thapa yeye akageukia katiba. Ilipopitishwa Septemba 2015, karibu miaka tisa baada ya mkataba, akaandika hadharani kwamba ameichoma nakala yake. Sababu ni uraia: mwanaume Mnepali akizaa na mgeni mtoto anakuwa Mnepali wa kuzaliwa, mwanamke Mnepali akizaa na mgeni mtoto anaomba uraia wa kuandikishwa kama mtu wa kuja, na mama aliye peke yake lazima aeleze baba hajulikani alipo. Kule kusini, Tarai, jamii ya Madhesi nao walikuwa barabarani wanaipinga katiba hiyohiyo na zaidi ya watu 40 waliuawa miezi ile. Kuna waliomwona kakosea adabu, nchi imetoka kwenye tetemeko la Aprili limeua karibu watu 9,000, watu wanataka kupumzika, wewe unachoma katiba. Mimi nadhani alikuwa sawa na mstari wake wa 2005. Kama tatizo la vita lilikuwa watu kufungiwa nje ya siasa, katiba inayomfungia nje nusu ya nchi ni kuni za vita nyingine, hata kama imesainiwa kwa makofi.

Kwenye haki za waathirika ndo aibu kubwa ilipo. Tume mbili ziliundwa 2015, moja ya ukweli na maridhiano, nyingine ya waliopotezwa, malalamiko zaidi ya 60,000 yakapokelewa, miaka ikapita bila kesi kusikilizwa, sheria ikarekebishwa Agosti 2024. Na mtu asiyeijua Nepal atashangaa kwa nini inachukua muda hivyo mpaka aangalie nani alikuwa anapokezana uwaziri mkuu miaka yote hiyo: Prachanda mara tatu, Bhattarai, na Deuba ambaye ndo alipelekewa yale madai 40 mwaka 1996. Waliopigana na waliopigwa vita wote wamekuwa serikali moja, na jeshi ni lilelile. Nani amchunguze nani? Septemba 2025 kizazi ambacho wengi wao walikuwa watoto au hawajazaliwa wakati wa vita kiliingia barabarani kama kile cha Nairobi 2024, wakauawa zaidi ya watu 70, bunge likachomwa na waziri mkuu K. P. Sharma Oli akajiuzulu.

Ukitaka kumsoma Thapa, Kiingereza chake siyo kigumu, nashauri uanze Forget Kathmandu kwa kuruka, soma mwanzo wa mauaji ya ikulu halafu nenda moja kwa moja mwisho kwenye ile safari ya milimani, katikati kuna historia ya wafalme na mawaziri wakuu ambayo majina yake yatakuchosha kama hujui nani ni nani, utairudia baadaye ukishapata hamu. Riwaya na hadithi fupi za Tilled Earth zinakuja baada ya hapo. Na usiishie kwake, soma na Palpasa Café ya Narayan Wagle, huyu alikuwa mhariri Kathmandu siyo mtu wa nje, kaandika kwa Kinepali na tafsiri ya Kiingereza ipo, msichana katoka Marekani kurudi nyumbani na vita inamkuta kwenye basi. Halafu tafuta shajara ya Tara Rai, binti aliyekuwa mpiganaji wa Wamao kweli, iliyotoka 2010, kwa sababu hapo msichana kama wale ambao Thapa alikutana nao milimani anaandika mwenyewe, na hakubaliani na kila kitu ambacho watu wa Kathmandu wanasema kuhusu yeye.